Askofu Mkuu Luwum na Bunduki Zilizomzunguka

Tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko nchini Uganda tangu mwaka 2015. Makambini na vituoni wengi wetu huipokea kwa furaha ya kupata nafasi ya kufua sare na kuandika barua. Lakini siku hiyo yatuhusu sisi wenye sare kuliko raia, kwa maana yaliyotendeka mwaka 1977 yalitendeka mbele ya askari, na mengine kwa mikono ya askari.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, katika nchi ya Waacholi. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Zama hizo Idi Amin alikuwa akitawala, na watu walichukuliwa majumbani mwao wasirudi. Luwum hakuhubiri maasi. Alijitwika kazi iliyo ngumu zaidi: alikwenda yeye mwenyewe kwenye ofisi za idara ya upelelezi iliyoogopwa na wote, akauliza habari za watu waliokamatwa, ambao hata jamaa zao hawakuthubutu kuwaulizia.

Saa saba na nusu usiku wa tarehe 5 Februari 1977, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake Namirembe, wakamwelekezea bunduki, wakapekua kila chumba wakitafuta silaha. Hawakuona kitu. Maaskofu wakamwandikia Rais barua, wakilalamika kwamba bunduki iliyokusudiwa kumlinda Mwananchi na mali yake sasa yatumiwa kumwondolea vyote viwili pamoja na uhai. Barua hiyo haikuwa na matusi wala vitisho. Nasi twaona kuwa ukweli wake ndio uliouma.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala, karibu na hoteli ya Nile Mansions. Silaha zilipangwa uwanjani, yakasomwa maelezo ya njama iliyodaiwa, huku askari wengi wakiwa wamekusanywa kusikiliza. Walipoulizwa wahaini wafanywe nini, askari wakapaza sauti kwamba wauawe. Hapakuwa na hakimu, wala shahidi aliyehojiwa. Sisi tuliofundishwa kuwa mfungwa hulindwa hata awe adui, twasoma habari hiyo kwa uchungu.

Maaskofu wengine waliruhusiwa kuondoka, Luwum akazuiwa. Festo Kivengere na Silvanus Wani walimngojea nje mpaka walipoamriwa kwenda zao. Pamoja naye walishikwa mawaziri wawili, Charles Oboth Ofumbi na Luteni Kanali Erinayo Oryema. Polisi wanaotusoma walikumbuke jina hilo la pili: Oryema ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda.

Asubuhi yake ilitangazwa kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Jeneza la Askofu Mkuu lilipelekwa Mucwini chini ya ulinzi wa askari, azikwe upesi. Lakini ardhi ilikuwa ngumu na kaburi halikukamilika kabla ya giza, hivyo jeneza likalala kanisani. Usiku huo waombolezaji wakalifungua, wakayaona majeraha ya risasi.

Kule Namirembe serikali ilikuwa imekataza ibada ya kumbukumbu. Kaburi lilikwisha chimbwa, kando ya lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jumapili ya tarehe 20 maelfu ya watu walikuja hata hivyo, katika jiji lililojaa askari wa Amin. Baada ya ibada walitoka nje, wakasimama mbele ya kaburi lililokuwa tupu, wakaimba.