Mtoto kaigomea chupa, dada anarudi kazini

Wadau, dada yangu kaajiriwa duka la vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Siku zake 84 za uzazi zinaisha Jumatatu, na mtoto chupa hataki hata kuiona! Sasa dada akishakamua maziwa anatoka nje, maana mtoto akinusa harufu yake anataka ziwa tu. Mjomba mtu nampakata wima, kabla njaa haijamkolea, nagusisha kikombe kidogo mdomoni. Analamba mwenyewe, simmiminii. Kikombe kinasafishika kirahisi kuliko chupa. Jana kamaliza!

Halafu kumbe Sheria ya Ajira ya 2004 inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ndani ya muda wa kazi. Bosi hajajibu. Je, kazini kwenu wanatoa?