Nyumba za urithi Mji Mkongwe: Tone dogo linavyozaa gharama kubwa

Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar, alama ya kwanza hutokea kwenye kona ya dari. Ni doa la rangi ya chai, kubwa kama kiganja. Familia huliona, hulitaja wakati wa chakula, kisha hulizoea. Mwaka unapita, rangi inaanza kubanduka na chini yake unatoka unga mweupe kama chumvi.

Sikukuu ikikaribia anaitwa fundi. Anapiga lipu ya saruji, anapaka rangi mpya, chumba kinapendeza. Miezi michache baadaye doa linarudi, tena kubwa kuliko la mwanzo.

Hapo ndipo fedha za familia zinapopotelea. Kuzuia maji mapema huwa ni kazi ndogo. Kinachowaumiza watu ni kulipia lipu na rangi mara mbili, mara tatu, huku chanzo cha maji kikiachwa, hadi siku sakafu yenyewe inapohitaji kujengwa upya.

Ukuta unaopumua

Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene, nyingi zikifika nusu mita au zaidi. Sakafu za juu zinabebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na juu yake hushindiliwa mawe na chokaa. Urefu wa boriti ndiyo sababu vyumba vingi vya zamani ni vyembamba.

Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa. Mvua ikinyesha unalowa, jua likiwaka unakauka kupitia lipu ya chokaa. Ukifunikwa kwa saruji au rangi ya mafuta, njia ya kutokea unyevu inazibwa. Maji yanabaki ndani, chumvi iliyomo inaganda chini ya lipu, na inapoganda inaisukuma lipu nje na kulimong'onyoa jiwe.

Boriti nazo zina udhaifu wao. Ncha zake zimefukiwa ukutani, na ukuta ukikaa na unyevu muda mrefu, ncha ndizo huoza kwanza, mahali ambapo jicho halifiki. Mchwa nao hupenda mbao zenye unyevu. Boriti inaweza kuonekana nzima katikati ya chumba kumbe mwisho wake umekuwa unga.

Matumizi ya nyumba hizi pia yamebadilika. Nyingi zilijengwa kwa ajili ya familia moja. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zilitaifishwa na baadhi zikagawiwa familia kadhaa. Kila familia ilihitaji jiko, bafu na choo chake, hivyo mabomba yakapitishwa ghorofani, juu ya sakafu ambazo hazikukusudiwa kumwagiwa maji kila siku. Matangi yakapandishwa juu. Tangi la lita 1,000 likijaa, maji yake peke yake yana uzito wa tani moja.

Hesabu ya tone

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku. Hata ukichukulia kwamba matone 4,000 ndiyo yanajaza lita moja, hizo ni zaidi ya lita 20 kila siku. Ni ndoo nzima inayomwagwa ndani ya ukuta, usiku na mchana.

Paa nalo lina hesabu yake. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50, hupokea lita 5,000. Gata likiwa limeziba au limetoboka, sehemu kubwa ya maji hayo hushuka na ukuta.

Gharama inavyopanda ngazi

Bei za mafundi na vifaa hutofautiana kwa nyumba na kwa msimu. Mpangilio wa kazi, hata hivyo, haubadiliki sana, na mzazi akiujua anaweza kukadiria yuko ngazi ipi.

Ngazi ya kwanza ni chanzo: kubadilisha mpira wa koki, kuunga bomba, kuzibua gata, kurudishia bati lililoinuka. Mara nyingi ni kazi ya fundi mmoja kwa siku moja au mbili.

Ngazi ya pili ni lipu. Hapa kuna kubandua lipu iliyoharibika, kuacha ukuta ukauke, kisha kupiga lipu ya chokaa kwa tabaka. Ukuta mnene unaweza kuhitaji miezi kadhaa kukauka, na chokaa hukomaa polepole. Familia inalipia vifaa na mafundi, na pia inalipa kwa muda, kwa kuwa chumba hakitumiki.

Ngazi ya tatu ni boriti. Sakafu inaegemezwa kwa miti, inafunguliwa kutoka juu, na boriti zilizooza zinatolewa na kuwekwa nyingine. Ukataji wa mikoko unadhibitiwa kwa vibali, hivyo boriti nzuri si kitu cha kuokota. Wa ghorofa ya juu wanahama, wa chini nao wanahama, na kodi ya kupanga kwingine inaongezeka kwenye hesabu.

Ngazi ya nne ni ukuta wenyewe kuvimba au kupasuka. Hapo anahitajika mhandisi, majukwaa ya kupandia mafundi na kibali kutoka mamlaka inayosimamia hifadhi ya Mji Mkongwe. Familia nyingi zikifika hapa huanza kuzungumzia kuuza.

Wengine hutumaini bima. Kwa kawaida bima ya nyumba huangalia ajali ya ghafla, kama bomba lililopasuka. Unyevu ulioingia taratibu kwa miaka huhesabiwa kuwa ni kukosa matengenezo na haulipwi.

Kifua cha mtoto

Gharama nyingine haiandikwi kwenye risiti ya fundi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, lilieleza kuwa wanaoishi katika majengo yenye unyevu wako katika hatari zaidi ya kukohoa, kupumua kwa shida na kuugua pumu. Mtoto anayelala karibu na ukuta wenye madoa meusi ndiye anayeuvuta hewa yake usiku kucha.

Hatua ya kwanza haina gharama: sogeza kitanda na kabati mbali na ukuta huo, fungua madirisha mchana, na usianike nguo ndani ya chumba hicho. Godoro au zulia lililolowa likaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kwani baada ya hapo ukungu huanza kuota. Ukisafisha kwa dawa ya klorini, usiichanganye na dawa nyingine ya choo, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kutoa hewa ya sumu.

Nani alipe?

Swali hili ndilo huchelewesha matengenezo kuliko ukosefu wa fedha. Nyumba ni ya marehemu babu. Warithi ni wengi: ami yuko Dar es Salaam, shangazi yuko Muscat, binamu wako London. Anayeishi ndani anasema nyumba si yake peke yake. Walio mbali wanasema anayekaa bure ndiye atengeneze. Mpangaji wa chini, anayedondokewa na maji ya choo cha juu, hana wa kumwambia.

Baadhi ya koo zimepata njia kwa kutenganisha mambo mawili: mgawanyo wa urithi na matengenezo ya nyumba. Mgawanyo unaweza kusubiri kikao, lakini maji hayasubiri. Wanafungua mfuko wa nyumba, kila mrithi anachangia kidogo kila mwezi, au sehemu ya kodi inatengwa kabla haijagawanywa. Tuseme warithi ni watano na kila mmoja anatoa Sh20,000 kwa mwezi. Kwa mwaka zinapatikana Sh1,200,000, na nyumba haiingii masika ikiwa haina hata fedha ya gata.

Jambo la muhimu ni maandishi. Mrithi mmoja akilipa peke yake, iandikwe tangu siku hiyo kama ni zawadi, mchango wake, au deni litakalorudishwa nyumba ikiuzwa. Picha za simu za kabla na baada ya kazi, pamoja na risiti, zitumwe kwa wote. Ugomvi mwingi wa baadaye huanzia kwenye fedha ambazo hakuna aliyeziandika.

Kabla ya kumwita fundi

Vipimo vinne vya nyumbani vinaweza kuonyesha maji yanatoka wapi.

*Tangi:* Usiku weka alama kwenye usawa wa maji, funga koki zote pamoja na valvu inayoingiza maji, usimruhusu mtu kuyatumia. Asubuhi usawa ukiwa umeshuka, kuna sehemu inavuja.

*Choo:* Tia rangi ya chakula kwenye tangi la kuvutia maji. Ukiona rangi ndani ya sinki la choo kabla hujavuta, tangi linapitisha maji.

*Ukuta:* Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa siku moja au mbili, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa gundi ya karatasi. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa nzito ya chumba.

*Mvua:* Andika tarehe doa linapokua. Likikua siku za mvua tu, tazama paa na gata. Likikua hata kiangazi, tazama mabomba na bafu la juu.

Fundi akija, muulize amewahi kufanya kazi ya chokaa katika nyumba ngapi, na uombe kwenda kuziona zilizopita angalau masika moja. Anayetaka kuanza na lipu kabla ya kutafuta chanzo, mwache aende zake.

Ukiona haya, ondoa watoto kwanza

Sakafu inayonesa ukitembea, dari iliyoshuka katikati, mlango ambao zamani ulifunga vizuri na sasa unakwama, ufa unaozidi kupanuka, ukuta uliotoka tumbo: hizi si dalili za kungojea mwisho wa mwezi. Hamisha watu katika chumba hicho na kile kilicho chini yake. Maji yakiwa karibu na swichi au waya, zima umeme kwenye swichi kuu.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea na kuua watu wawili. Nyumba ya familia ni ndogo kuliko jumba hilo, ila hakuna sababu ya watoto kulala chini ya sakafu inayofunguliwa. Kazi ikigusa boriti au ukuta, familia ihame hadi ikamilike.

Masika huanza Machi. Januari na Februari, wakati jua ni kali na ukuta umekauka, ndio wakati wa kupanda juu kusafisha gata, kukaza mabati na kuangalia kama tangi limekaa juu ya ukuta unaolibeba au juu ya sakafu tupu.