Sala ya Jumuiya na Mwenye Shida

Kila Desemba ndugu zetu wa mjini wanaporudi Kilimanjaro, huja na maneno yaleyale: eti sala ya jumuiya ni kikao cha wazee wasio na kazi, mahali pa umbea na bahasha za michango, na mwenye shida ya kweli aende kwa mhubiri mwenye upako. Wanasema hivyo kwa kuwa wanaiona jumuiya siku za raha. Anayetaka kuijua na aje siku ya shida.

Ukatoliki una umri mlimani kwetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema mwaka 1890. Jumuiya ndogondogo ni za juzi. Maaskofu wa Afrika Mashariki ndio waliozishika katika miaka ya 1970 ziwe msingi wa uchungaji wao, na mkutano wa AMECEA, umoja wao, wa mwaka 1976 ulihusu jambo hilo. Nyumba chache za majirani, chini ya somo wao mtakatifu. Uchaggani hazikuhitaji kuhubiriwa sana. Vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, vimeshikana, na jirani mara nyingi ni shemeji, mkwe au mtoto wa baba mdogo.

Tunakutana Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajaenda kukata majani ya ng'ombe, kila wiki nyumba nyingine. Meza ina kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Injili ya Jumapili inasomwa, anayeguswa na neno anasema. Kisha yanafuata maombi ya hiari, na hapo ndipo roho ya jumuiya ilipo. Mama anasema mwanawe amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Mzee anasema hapati usingizi, mguu unauma. Kijana, akitazama chini, anaomba aache pombe. Wote wanaitikia pamoja, kila ombi.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu asiombe chumbani kwake, Mungu si anasikia? Anasikia. Lakini aliyetaja shida yake pale hutoka na kitu kisichopatikana chumbani: majirani wote sasa wanajua, nao hawawezi tena kujifanya hawajui. Jumatatu utamwona mmoja ameingia kwa yule mzee na jembe begani, wala hakuna aliyemtuma. Watu wanaodai kwamba sisi husali badala ya kutenda hawajabaki mpaka Jumatatu.

Mama yangu alipofariki sikuweza kusali. Nilishika rozari, maneno hayakuja. Waliosali ni wanajumuiya. Walikuja kila jioni, wakaketi chini ya turubai kati ya migomba, wakaanza Baba Yetu bila kunisubiri. Mama mmoja mjane alikaa ubavuni kwangu, hakunipa pole hata mara moja, alisali tu kwa sauti karibu na sikio langu mpaka siku moja nikajikuta ninaitikia. Tulimzika mama kihambani, na jioni iliyofuata mazishi walikuja tena, na iliyofuata pia, wakati ambapo nyumba huwa kimya na mfiwa huanza kuelewa. Imani yangu wakati ule ilibebwa na vinywa vya wengine. Sioni haya kulisema.

 

Siku hizi turubai linashushwa saa kumi jioni siku ileile ya mazishi, na magari ya mjini yanashuka kabla giza halijaingia. Rozari ya siku zinazofuata imehamia kwenye kundi la simu: mtu anatuma picha ya mikono iliyofumbatwa, wengine wanatuma kama hiyo, mfiwa anabaki na simu mkononi. Na lawama ya bahasha, ingawa inaniuma, ina ukweli. Zipo jumuiya ambako matangazo ya michango huchukua muda mrefu kuliko maombi, na daftari la mahudhurio hufunguliwa kabla ya Biblia. Watu huja wasije wakanyimwa ibada ya maziko kwa sababu ya utoro. Hofu ya namna hiyo haimtii mtu moyo. Inamfanya aje, aandikwe jina, aondoke na shida yake ikiwa moyoni.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wa jumuiya: michango isomwe mwisho, tena kwa kifupi, na maombi ya hiari yapewe muda mpaka yule mwenye aibu apate kufungua kinywa. Nanyi mnaorudi Desemba, mkifiwa msiondoke siku ya mazishi. Kaeni jioni tatu, msali na majirani waliowatunzia wazazi wenu.