Unataka kuosha vioo? Nunua mpini mrefu, ngazi iache kwanza

Mdogo wangu alipomaliza kidato cha nne alikaa nyumbani miezi kadhaa, kisha akaja na wazo: kusafisha vioo vya maduka na nyumba za watu hapo Sinza. Alikuwa na akiba ya Sh100,000, na kitu cha kwanza alichotaka kununua ni ngazi ya aluminiamu. Nilimwomba asubiri.

Kuandika habari za afya kumenifikisha wodi za mifupa mara nyingi. Nimewaona vijana waliovunjika nyonga au uti wa mgongo kwa kuanguka kutoka urefu usiofika hata kwenye paa. Aliyejiajiri hana bosi wa kumlipia matibabu, hivyo ni nyumbani wanachangishana.

Kinachohitajika mwanzoni ni kidogo. Kuna ule mpira wenye mpini ambao vijana wa vituo vya mafuta hufutia vioo vya magari. Tafuta wenye raba laini, iliyonyooka, na uwe unaweza kufungwa kwenye mpini wa kurefusha. Kwa mpini huo utafikia madirisha mengi ya juu ukiwa umesimama chini. Ongeza sponji, ndoo, glavu na vitambaa vya pamba visivyoacha nyuzi. Fulana kuukuu inafaa kabisa.

Namna ya kufanya nayo haina siri. Toa vumbi la wavu wa mbu na la reli za dirisha kwanza, maana ukiliacha litageuka tope. Lowanisha kioo, sugua, kisha vuta mpira kutoka juu kwenda chini, ukiufuta kila baada ya mvuto mmoja. Usioshe kioo kinachopigwa na jua kali, sabuni itakauka kabla hujaifikia. Ukiona mistari inabaki, kagua raba, huenda imechanika.

Kwenye dawa ndipo wengi wanapokosea. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kinatosha ndoo nzima. Madoa meupe ya maji ya kisima chenye chumvi hulainika kwa siki iliyochanganywa na maji. Lakini wapo wanaomimina jiki pamoja na dawa ya choo yenye asidi wakiamini nguvu zitaongezeka. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na koo na kubana kifua, na kwa mwenye pumu ni hatari zaidi. Hata siki usiichanganye na jiki. Ikitokea umevuta hewa hiyo, toka nje haraka, na ukiendelea kukohoa au kupumua kwa shida nenda hospitali.

Nyumba mpya huwa na matone ya rangi na saruji. Hapo hutumika wembe uliofungwa kwenye kishikio, kioo kikiwa kimelowa, ukisukuma upande mmoja tu. Jaribu kwanza kwenye kona. Kioo kilichobandikwa karatasi ya kuzuia jua usikiguse kwa wembe.

Siku ngazi itakapokuwa ya lazima, kwa kila mita nne za kwenda juu, miguu yake ikae mita moja kutoka ukutani, na mtu aishike. Tazama nyaya za umeme kabla ya kuinua chochote: ngazi ya aluminiamu hupitisha umeme, na mpini wa chuma pia.

Mdogo wangu sasa ana wateja wa maduka wanaomwita kila wiki. Mwezi uliopita mwenye nyumba mmoja alimtaka asimame kwenye ukingo wa dirisha, ghorofa ya tatu, aoshe upande wa nje. Alikataa, kazi akapewa mwingine. Alirudi amenuna, akasema ningemlipa mimi hiyo hela. Nilimlipa nusu.