Kijiko Kisichoshika Kutu: Soma Namba Zake Kabla ya Kununua

Kutu ya kijiko haimpi mtu pepopunda. Naanza na hilo kwa sababu akina mama wengi wa Ifakara huniuliza wanapoona mtoto anakula wali kwa kijiko chenye madoa mekundu. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, huingia mwilini kwa njia ya kidonda, na kinga yake ni chanjo. Hata hivyo kijiko hicho si kizuri. Pale kutu ilipokula hubaki vishimo, na humo mabaki ya chakula hujificha hata baada ya kuosha.

Chuma cha kawaida hushika kutu. Kikichanganywa na kromiamu, kuanzia kama asilimia 10.5, hujifunika utando mwembamba usioonekana kwa macho, nao huzuia kutu. Ukikwaruzwa, hewa huurudisha. Hiyo ndiyo stenlesi. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliitengeneza mwaka 1913, na haikuchukua muda mafundi visu wa mji huo wakaanza kuitumia.

Geuza kijiko utazame nyuma ya mpini. Ukikuta 18/10, maana yake kromiamu asilimia 18 na nikeli 10. Vilevile 18/8 na 18/0. Hiyo ya mwisho haina nikeli, au inayo kidogo mno. Nikeli huongeza mng'ao na uwezo wa kustahimili chumvi na ndimu. Lakini kwa afya, 18/10 haimzidi mwenzake kwa lolote la maana, na kwa familia yenye watoto sita sioni sababu ya kujibana ili kuinunua. 18/0 inatosha kabisa ikikaushwa vizuri. Tena inawafaa zaidi wale ambao ngozi huwawasha wakivaa hereni za bei rahisi, kwani mara nyingi kinachowasumbua ni nikeli.

Wengine huenda dukani na sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu. Inasaidia, lakini si sana. Sumaku hunasa 18/0, hunasa pia chuma kibovu kilichopakwa rangi ya fedha. Kwenye 18/8 hainasi, au hunasa kidogo mno. Ipo nayo stenlesi ambayo nikeli imepunguzwa ikawekwa manganizi: sumaku haiinasi, inang'aa, bei nafuu, ila huwahi kupata madoa. Kisu kizuri lazima kinaswe, kwa maana chuma chake kimefanywa kigumu ili kishike makali, na ndiyo sababu kisu hupata kutu kabla ya kijiko.

Kama unanunulia jumuiya vijiko 100, nunua kwanza kimoja. Kikwaruze kidogo, kiloweke katika maji ya chumvi usiku kucha. Kilichopakwa tu kitaonyesha wekundu penye mkwaruzo.

Utunzaji nao una kazi yake. Klorini hula stenlesi. Hospitalini vifaa vya upasuaji vilikuwa vikilowekwa katika maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 tu, kisha vikisuuzwa mara moja. Wakati wa kipindupindu watu huacha vijiko ndani ya Jik mpaka asubuhi, halafu wanamlaumu mwenye duka. Usisugulie waya wa chuma, maana huacha chembe zinazoota kutu. Anika juu ya kichanja.

Nisisahau sufuria. Zile za alumini zinazosubiwa kwa vyuma chakavu zaweza kuwa na risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, na vyakula vichachu huitoa zaidi. Anayepika nyanya, ukwaju au samaki wa ndimu mara kwa mara atafute hata sufuria moja ya stenlesi kwanza. Vijiko vinaweza kusubiri mavuno yajayo.