Akasema Anakuja, Kisha Akaondoka

Mgeni kutoka Uingereza akiagiza chai hotelini mjini Kitale, weita akamwambia "I'm coming" huku akimpa mgongo na kushika njia ya jikoni, asidhani amefanyiwa mzaha. Huyo ametafsiri "nakuja", na nakuja ya huku ni kuaga: naondoka kidogo, ningojee. Vivyo hivyo, adimika mwezi mzima kisha ujitokeze soko la Chwele uone. Utaambiwa "You are lost", wala hakuna anayetaka kukuelekeza njia. Umepotea, yaani tumekukosa. Jibu la kawaida ni "niko tu", na hilo sijaona aliyethubutu kulitia Kiingereza.

Nchi hii ya chini ya Mlima Elgon ilipokea Kiingereza kutoka pande mbili. Upande wa Kitale kililetwa na masetla waliogawiwa mashamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na reli ikawafuata mwaka 1926. Upande wa Bungoma, walimu wa mwanzo wa wengi walikuwa Waquaker wa Marekani, waliofungua misheni Kaimosi mwaka 1902 kisha wakasogea hadi Lugulu, kwa Wabukusu.

Tofauti hiyo inaonekana shambani. Mmarekani akisema "corn" anamaanisha mahindi. Mwingereza wa zamani alimaanisha nafaka yoyote ya kwao, hasa ngano. Ndiyo maana msomaji wa Biblia ya zamani ya Kiingereza kule Kimilili huwaona wanafunzi wa Yesu wakivunja mahindi siku ya Sabato, ilhali mahindi yalikuwa bado Amerika, na yasingevuka bahari mpaka baada ya safari ya Columbus ya 1492. Biblia ya Kiswahili ilijihadhari: imesema masuke. Na hapa Kitale mahindi si jambo la kutaja kwa kubahatisha. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mjini humu mwaka 1956, na mwaka 1964 ikatoka mbegu chotara ya H611, iliyozaliwa kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mengine kutoka Ecuador. Mmarekani Steven Eberhart alifanya utafiti wake wa mahindi kwenye kituo cha hapa, akishirikiana na watafiti wenzake, Harrison na Ogada.

Ripoti za shule nazo zilikuwa na mtego wake. Kuanzia miaka ya 1960 vijana wa Peace Corps ya Marekani walikuja Kenya kufundisha, mara nyingi wakikaa chumba kimoja cha walimu na Waingereza. "Quite good" ya Mmarekani ni sifa: mtoto amefanya vizuri sana. Ya Mwingereza mara nyingi ni kusitasita: si mbaya, ila asingoje kupigiwa makofi. Mzazi anayesoma karatasi hiyo angehitaji kwanza kujua mwalimu alitokea bara gani, ndipo aamue kama ni siku ya kuchinja kuku.

Kwenye mabunge ya kaunti, mjini Kitale na Bungoma, "to table" hoja ni kuileta mbele ijadiliwe, kama wanavyosema London. Kwa Wamarekani ni kuiweka kando. Churchill amesimulia jinsi maafisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu wakati wa Vita vya Pili juu ya neno hilohilo, kumbe wote walitaka jambo lilelile.

Leo "You are lost" ikitokea katika insha, kalamu nyekundu haichelewi, na pembeni huandikwa kwamba mwanafunzi ametafsiri neno kwa neno. Kwa mtihani, sawa; kanuni tunazofuata ni za Uingereza. Ila Wamarekani waliigeuza "to table" ikawa kinyume kabisa cha ilivyokuwa, na kamusi zikaiandika kama maana ya pili. "You are lost" ya Chwele ina wasemaji wengi na maana isiyoyumba, ikieleweka kuanzia Webuye hadi Kitale. Sioni kwa nini yenyewe ibaki kuitwa kosa.