Ofisi inayojali mazingira inahitaji fundi, si bango

Ukiingia ofisi nyingi za Embu na Meru siku hizi utakuta karatasi imebandikwa karibu na swichi: zima taa ukitoka, usichapishe bila sababu, njoo na kikombe chako. Sina ubaya nazo. Lakini mimi mtu wa Malindi, baada ya miaka miwili ya kuandika ripoti katika kaunti hizo mbili, nimeona bango haliwezi kushindana na fundi mmoja mwenye bisibisi na spana.

Chukua mfereji unaovuja. Ukidondosha tone moja kila sekunde, kwa siku ni matone 86,400, yaani karibu lita 20, mtungi mzima. Choo ambacho boya la tangi lake limekufa hupoteza zaidi ya hapo, tena kimyakimya. Dawa yake ni kifaa cha bei ndogo na mtu anayejua kukifunga.

Taa nazo ni hivyo hivyo. Mirija ya zamani hula wati 36 kila mmoja, ya LED hula 18. Ofisi yenye mirija 20 inayowaka saa 10 kwa siku ikibadilisha, huokoa yuniti 3.6 kila siku, 18 kwa wiki ya kazi. Ila fremu ya zamani ina balasti ndani, na si kila mrija wa LED unaelewana nayo. Asiyejua huchomeka tu, taa zikaanza kumetameta, zikaungua, na bosi akasema LED ni bidhaa mbovu. Na ile mirija ya zamani ina zebaki. Haifai kuvunjwavunjwa na kutupwa jaani.

Huenda msomaji wa Kipini au Hola anajiuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Mto Rupingazi unaopita kando ya mji wa Embu, na Kathita wa Meru, yote miwili hutoka Mlima Kenya na maji yake huishia Tana. Mpakani mwa Embu, upande wa Mbeere, Tana imezuiwa na mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Yakishazungusha mitambo, maji hayo ndiyo yanayoteremka Garissa, Hola na Garsen hadi baharini. Tunakunywa mto mmoja na watu wa mlimani. Ukame ukiingia na mabwawa yakishuka, mwanya unaobaki kwenye gridi hujazwa kwa mitambo ya mafuta, na bili yetu sote hupanda.

Kwa hiyo kazi ipo. Swali ni nani anaipata.

Namkumbuka kijana mmoja wa Embu, jina lake nalihifadhi. Alijifunza umeme kwa mjomba wake tangu akiwa kidato cha pili, na mkono wake ni safi kuliko wa wengi niliowaona. Ofisi moja ilipotaka kuweka paneli za sola, hakuitwa, kwa sababu hakuwa na karatasi. Kazi ikaenda kwa mtu wa mbali mwenye karatasi, naye akamtuma msaidizi asiye nayo. Nyaya zilikuwa nyembamba mno, betri zikawekwa kwenye chumba kisicho na hewa. Hazikumaliza miaka miwili. Betri zilizokufa bado ziko stoo, na risasi na asidi yake ndani. Huo nao huitwa mradi wa kijani.

Wazazi wengi hawaelezwi ngazi hii. Anayejifunza kwa mikono anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, akaanzia Gredi ya III, akapanda hadi II na I. Anayetaka darasa ana vyuo vya ufundi vya kaunti, na juu yake taasisi kama Meru National Polytechnic. Baada ya hapo kuna leseni ya EPRA. Kanuni za mwaka 2012 zilimtaka fundi wa sola awe na leseni, na zikaigawa kwa madaraja: T1 kwa mifumo midogo ya nyumbani, T2 kwa ya wastani, T3 kwa mikubwa. Nyaya za umeme wa kawaida zina leseni zake pia. Na kijana akishasajili kampuni yake, sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ofisi za kaunti zimo.

Kwetu Pwani nafasi ni kubwa zaidi kwa upande mmoja. Embu na Meru kuna baridi ya mlima, ukifungua dirisha umemaliza. Mombasa ofisi bila kiyoyozi ni adhabu. Kilo moja ya gesi ya R-410A, iliyo katika viyoyozi vingi, ikitoroka hewani hupasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Fundi anayeifungulia hewani ili aanze kujaza upya ameharibu kuliko karatasi zote ambazo ofisi hiyo ingechapisha. Anayeikusanya kwa mashine kwenye mtungi analipwa kwa ujuzi, na anastahili.

Yule kijana wa Embu nilipomwacha alikuwa anajiandaa kwa Gredi ya II. Ukitaka kuwekewa sola Malindi au Lamu, muulize fundi daraja la leseni yake kabla hajapanda ngazi, kisha litafute jina lake kwenye orodha ambayo EPRA huitoa mtandaoni. Haikugharimu kitu.